Mpigaji Yupi wa Besiboli Anastahili Mkataba Mnono wa Miaka Mingi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, yaani MLB, unapokwisha, mabishano huanza upya: fulani kapiga homurani 45, mbona timu inasita kumpa miaka kumi? Majibu haya yanahusu wapigaji wa nguvu, wale ambao kazi yao kubwa ni kuupiga mpira uvuke uzio (ndiyo homurani), na jinsi timu inavyopima kama miaka yao ijayo inafaa kununuliwa. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Mkataba mrefu ni upi, na kwa nini unaogopwa?

Hapa, kwa wapigaji, mkataba tunauita mrefu ukifika miaka saba. Rekodi ni ya Juan Soto, ambaye Desemba 2024, akiwa na miaka 26, alisaini na New York Mets miaka 15 kwa dola milioni 765. Katika kundi hilo wamo Aaron Judge wa Yankees (miaka 9, dola milioni 360), Bryce Harper wa Phillies (miaka 13, dola milioni 330) na Vladimir Guerrero Jr. wa Blue Jays (miaka 14, dola milioni 500, kuanzia 2026).

Hofu inatokana na dhamana ya fedha. Katika soka, klabu ikimchoka mchezaji humuuza na kurudisha angalau sehemu ya fedha zake. MLB haina ada ya uhamisho ya namna hiyo. Timu inayotaka kumwondoa mchezaji mwenye mkataba mbaya hutafuta timu itakayokubali kuubeba mshahara, na mara nyingi hulazimika kuongezea fedha juu yake. Ikimwachia aende zake, inaendelea kumlipa. Angels walimwachia Albert Pujols Mei 2021, mwaka wa mwisho wa mkataba wake wa miaka 10 na dola milioni 240, na karibu mshahara wote wa mwaka huo, dola milioni 30, ulibaki mzigo wao.

2. Kwa nini wapigaji wengi hufika sokoni wakikaribia miaka 30?

Mchezaji huwa huru kusaini na timu yoyote baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kwa siku 172. Judge alianza Agosti 2016 akiwa na miaka 24, kwa hiyo alikuwa huru akiwa na 30. Soto alianza Mei 2018 akiwa na miaka 19, akawa huru akiwa na 26. Tofauti ya umri ya namna hiyo inaweza kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Mfano wa hesabu yake uko kwenye swali la 8.

3. Idadi ya homurani haitoshi?

Haitoshi, na mikimbio (yaani alama) aliyoisukuma nyumbani haitoshi hata zaidi, kwa sababu inategemea wenzake wangapi walikuwa wameshasimama kwenye besi kabla yake.

Homurani ni matokeo. Tunachotaka kujua ni chanzo: anaupiga mpira kwa nguvu kiasi gani, mara ngapi, na anachagua mipira ipi ya kupiga. Uzio wa Yankee Stadium kwenye pembe ya kulia uko futi 314, kama mita 96, kwa hiyo mpira uleule unaokuwa homurani Bronx unaweza kudakwa kwingine. Anza na wRC+, kipimo kinachojumlisha kila alichofanya mpigaji na kurekebisha ukubwa wa uwanja. 100 ni wastani wa ligi, na 150 maana yake amezalisha mikimbio asilimia 50 zaidi ya mpigaji wa kawaida.

Kisha kuna WAR, inayokadiria mchezaji ameongeza ushindi wa michezo mingapi kuliko mbadala wa bei ya chini ambaye timu ingempata wakati wowote. WAR inaingiza ulinzi, mbio na nafasi uwanjani, na hapo ndipo wapigaji wengi wa nguvu wanapopoteza thamani (tazama swali la 6).

## Kumpima mpigaji mwenyewe

4. Ni sifa gani hudumu, na zipi huondoka mapema?

Jicho hudumu. Mpigaji anayejua kuuacha mpira uliotoka nje ya eneo la straiki hubaki na thamani hata nguvu ikipungua, maana bado anapewa besi ya bure, yaani anakwenda besi ya kwanza bila kupiga. Hii ndiyo sababu kubwa Soto alilipwa kuliko wapigaji waliomzidi homurani: mwaka 2021 alipata besi za bure 145 na kutolewa kwa straiki mara 93 tu, mwaka 2024 zilikuwa 129 dhidi ya 119, pamoja na homurani 41.

Nguvu tupu huja ya pili. Tangu 2015 mitambo ya Statcast hupima kasi ya mpira unapoondoka kwenye gongo, na mpira wa maili 95 kwa saa (kilomita 153) au zaidi huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Angalia ni asilimia ngapi ya mipira yake inafika hapo, na angalia misimu mitatu. Kasi ya gongo lenyewe ilianza kutangazwa 2024. Wastani wa ligi ni kama maili 72 kwa saa, na Giancarlo Stanton yuko karibu na 81. Mtu mwenye akiba hiyo anaweza kupungua maili tatu na bado awatishe warushaji. Aliye kwenye wastani akipungua tatu, amekwisha.

Wastani wa mapigo salama, yaani sehemu ya majaribio yake inayomfikisha kwenye besi kwa pigo, ndio unaoyumba zaidi mwaka hadi mwaka. Usimpe mtu miaka kwa sababu yake.

5. Dalili za kuzeeka zinaonekana wapi kabla takwimu kubwa hazijashuka?

Zinaonekana kwenye mpira wa kasi wa juu, upande wa ndani.

Tazama mpigaji wa mkono wa kulia, miaka 32, anapokutana na mrushaji wa maili 97. Kutoka mkononi mwa mrushaji mpaka kwenye sahani, pale anaposimama mpigaji, ni takriban sekunde 0.4, na nusu ya muda huo inakwenda kwenye kuamua tu. Mpira wa kwanza anaugusa, lakini amechelewa: unaruka kwenda majukwaa ya upande wa besi ya kwanza. Wa pili, vilevile. Sasa anajua amechelewa, kwa hiyo safari inayofuata anaanza mapema, kiuno kinafunguka kabla hajausoma mpira. Mrushaji ameliona hilo. Anarusha mpira wa kukata, maili 87, unaoanza katikati na kuangukia nje, chini. Gongo linapita juu yake. Kwenye kitabu imeandikwa straiki tatu, basi. Lakini kilichotokea ni kwamba mkono uliopungua kasi umelifanya jicho libahatishe.

Kwa hiyo fuata vitu vitatu kwa pamoja, msimu kwa msimu: matokeo yake dhidi ya mipira ya maili 95 na zaidi, asilimia ya mipira ya nje anayoifukuza, na besi za bure. Vyote vitatu vikigeuka kwa pamoja, hiyo si bahati mbaya. Pujols alipata besi za bure 103 mwaka 2010, kisha 61 mwaka 2011, msimu wake wa mwisho na Cardinals kabla ya mkataba wa Angels. Bado alipiga homurani 37, na macho ya wengi yalibaki kwenye namba hiyo. Pale St. Louis, kuanzia 2001 hadi 2011, wastani wake wa mapigo ulikuwa 0.328, kwa Angels ulikuwa 0.256.

6. Nafasi anayocheza ina uzito gani?

Mkubwa kuliko mashabiki wengi wanavyodhani. Katika hesabu ya WAR, kila nafasi huongezewa au kupunguziwa mikimbio kwa msimu mzima: mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu huongezewa kama 7.5, mlinzi wa kushoto au kulia uwanja wa nyuma hupunguziwa 7.5, wa besi ya kwanza 12.5, na mpigaji mteule asiyelinda kabisa 17.5. Mikimbio 10 ni takriban ushindi mmoja. Maana yake, mpigaji mteule lazima apige vizuri zaidi kwa thamani ya ushindi mmoja kumzidi mlinzi wa kulia, ndipo wawe sawa.

Swali la kujiuliza ni moja: akiwa na miaka 34 atakuwa anasimama wapi? Anayelinda kulia leo ana ngazi mbili za kushuka, besi ya kwanza na upigaji mteule. Aliye besi ya kwanza ana moja. Tangu 2022 ligi zote mbili zinazounda MLB (Ligi ya Marekani na Ligi ya Taifa) zina mpigaji mteule, na hilo limewasaidia wazee, ila kiti hicho ni kimoja. Timu yenye mikataba miwili ya kuzeeka hujikuta na watu wawili wanaokigombania.

7. Majeraha: lipi la kupita na lipi la kuogopa?

Mfupa uliovunjwa na mpira uliorushwa ni ajali. Judge alivunjika kifundo cha mkono hivyo mwaka 2018, na haikumzuia kupiga homurani 62 mwaka 2022, rekodi ya Ligi ya Marekani iliyokuwa ya Roger Maris tangu 1961. La kuogopa ni jeraha linalorudi palepale: msuli wa paja, mgongo, goti, na kwa mpigaji pia misuli ya ubavu, maana nguvu ya kupiga hutokana na kuzungusha kiwiliwili.

Stanton alisaini miaka 13 kwa dola milioni 325 Novemba 2014, akiwa na miaka 25 tu, na 2017 akapiga homurani 59. Mwaka 2019 alicheza michezo 18. Prince Fielder aliacha kucheza 2016 baada ya upasuaji wa pili wa shingo, miaka minne ya mkataba wake wa dola milioni 214 ikiwa bado mbele. Bima ililipa sehemu. Timu hukata bima kwa mikataba hii, lakini kampuni za bima huweka masharti kwenye kiungo kilichowahi kuumia, na mara nyingi hicho ndicho kinachoumia tena.

Mkataba haukamiliki mpaka daktari wa timu aridhike. Carlos Correa, ingawa si mpigaji wa nguvu tu, ndiye funzo bora: majira ya baridi ya 2022 alikubaliana na Giants dola milioni 350, kisha na Mets dola milioni 315, na mara zote mbili vipimo vya mguu alioumia miaka ya nyuma viliharibu makubaliano. Akaishia Twins kwa miaka 6 na dola milioni 200. Kuna waliowalaumu madaktari kwa uoga. Sisi tunaona walifanya kazi yao. Bila wao timu ingeuziwa mbuzi kwenye gunia.

## Hesabu ya fedha

8. Ninawezaje kukadiria thamani ya mkataba mwenyewe?

Unahitaji takwimu za wazi kutoka tovuti za FanGraphs au Baseball Reference, na karatasi.

Kwanza, chukua mikimbio aliyozalisha juu ya wastani katika misimu mitatu, uipe uzito wa 5 kwa msimu wa karibuni, 4 kwa uliotangulia na 3 kwa wa kabla yake. Tuseme ni 42, 33 na 30. Jumla ya uzito ni 432. Gawanya kwa 12, unapata 36.

Pili, ondoa nafasi (mlinzi wa kulia, 7.5), ulinzi wake dhaifu (3) na mbio zake (1). Ongeza 20, ambayo ni pengo kati ya mchezaji wa wastani na mbadala kwa msimu mzima. Inabaki 44.5, yaani kama ushindi 4.5. Angekuwa mpigaji mteule, ungebaki na 37.5.

Tatu, mzeeshe. Mpigaji huwa kileleni kati ya miaka 26 na 28 hivi. Kwa urahisi, mwache palepale mpaka 30, kisha punguza ushindi 0.5 kila mwaka. Anayeanza mkataba akiwa na 30, kwa miaka minane, atatoa 4.5, 4.0, 3.5 na kuendelea hadi 1.0: jumla 22. Anayeanza na 25, kwa miaka kumi, atatoa 4.5 mara sita, kisha 4.0, 3.5, 3.0 na 2.5: jumla 40.

Nne, zidisha kwa bei ya ushindi mmoja sokoni, ambayo wachambuzi wengi huiweka dola milioni 8 hadi 9. Wa kwanza anastahili milioni 176 hadi 198. Wa pili, 320 hadi 360. Wana ubora uleule leo, na kilichowatenganisha ni umri.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kutumia msimu mmoja mzuri peke yake. La pili ni kusahau kwamba wapigaji wazito wa besi ya kwanza mara nyingi huporomoka haraka kuliko 0.5 kwa mwaka, kwa hiyo kwao jaribu pia 0.7 uone kama mkataba bado unasimama.

9. Kama wanajua atazeeka, kwa nini wanampa miaka 13?

Kwa sababu ya kodi ya anasa. Timu hutozwa kodi mishahara yake ikipita kiwango fulani (dola milioni 241 mwaka 2025, 244 mwaka 2026), na kila mkataba huhesabiwa kwa wastani wake wa mwaka. Kiwango cha kuanzia ni asilimia 20 ya ziada, asilimia 30 ukivuka mwaka wa pili mfululizo, na 50 kuanzia wa tatu, mbali na nyongeza kwa wanaovuka mno. Dola milioni 330 za Harper, zikigawanywa kwa miaka 13, ni milioni 25.4 kwa mwaka. Zingegawanywa kwa 9, zingekuwa 36.7.

Kwa hiyo miaka mitatu minne ya mwisho haikununuliwa kwa matumaini kwamba atapiga. Ni njia ya kuzitandaza fedha. Usimhukumu meneja mkuu kwa kuangalia mwaka wa 13. Uliza kama miaka sita ya mwanzo ilirudisha gharama.

Sheria hizi ni za makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanayofikia ukomo 1 Desemba 2026.

10. Malipo yaliyoahirishwa yanabadilisha nini?

Yanapunguza thamani halisi. Shohei Ohtani alisaini na Dodgers dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini milioni 680 zitalipwa kati ya 2034 na 2043 bila riba. Kwa kodi ya anasa huhesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka, wala si 70. Mkataba wa Soto hauna senti iliyoahirishwa, kwa hiyo pengo lao ni pana kuliko 765 dhidi ya 700.

11. Kifungu cha kujitoa kinamfaidi nani?

Mchezaji. Akicheza vizuri, anaondoka au anadai zaidi. Akicheza vibaya, anabaki. Alex Rodriguez alijitoa 2007 akapata dola milioni 275 mpya. Manny Machado hakuhitaji hata kuondoka: kabla kifungu chake hakijafika, Padres walimpa miaka 11 na dola milioni 350 mwaka 2023. Unapokadiria mkataba wenye kifungu hiki, usiihesabu miaka mizuri ya baadaye kana kwamba ni ya timu. Soto anaweza kujitoa baada ya 2029, ila Mets wanaweza kulizuia hilo kwa kuongeza dola milioni 4 kwa kila mwaka uliobaki.

## Hali ngumu

12. Amepiga vizuri mno mwaka wa mwisho kabla ya kuwa huru. Tumwamini?

Tafuta kama uwezo ulikuwepo kabla. Judge alikataa dola milioni 213.5 za Yankees kabla ya msimu wa 2022, akapiga homurani 62, akapata 360. Huo haukuwa mwaka wa bahati: alikwisha kupiga 52 mwaka 2017, na nguvu yake ilikuwa kileleni mwa ligi kila alipokuwa mzima.

Chris Davis ni upande wa pili. Homurani 53 mwaka 2013, wastani wa 0.196 mwaka 2014, kisha homurani 47 mwaka 2015, huku akitolewa kwa straiki mara 208. Orioles walimpa miaka 7 na dola milioni 161. Mwaka 2018 alipiga 0.168, na kati ya Septemba mwaka huo na Aprili 2019 alikwenda mara 54 mfululizo bila pigo salama. Mwaka wa 2014 ulikuwa onyo lililowekwa mezani.

13. Ni busara kumwongezea mkataba kabla haujaisha?

Kwa kijana, mara nyingi ndiyo. Ronald Acuña Jr. alisaini miaka 8 kwa dola milioni 100 mwaka 2019 akiwa na 21, na Braves wakapata miaka yake bora kwa bei ya chini. Kwa mtu mzima, timu inanunua uzee bila kulazimishwa. Phillies walimwongezea Ryan Howard dola milioni 125 Aprili 2010, kwa miaka iliyoanza 2012. Pigo la mwisho la msimu wa 2011 likamkata mshipa wa kisigino. Tigers walimwongezea Miguel Cabrera dola milioni 248 Machi 2014, miaka minane iliyoanza 2016 akielekea 33. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Mwaka wa pili ulikuwa homurani 16.

14. Mpigaji mteule au wa besi ya kwanza aliyepita miaka 30 anapewa nini, basi?

Miaka michache kwa mshahara mkubwa. Desemba 2025, Kyle Schwarber, aliyetoka kupiga homurani 56, alipata miaka 5 na dola milioni 150 kwa Phillies. Pete Alonso alipata miaka 5 na dola milioni 155 kwa Orioles. Linganisha na Pujols, aliyepewa miaka kumi na Angels akiwa na miaka 31. Soko limejifunza.

15. Namba zake ni za Denver. Nizikate kiasi gani?

Coors Field, uwanja wa Rockies, timu ya Denver, uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mpira huruka mbali na haupindi sana. Tumia wRC+, ambayo tayari imerekebisha uwanja. Usichukue takwimu za ugenini peke yake ukasema ndizo za kweli: wapigaji wa Rockies hutoka kwenye mipira isiyopinda na kukutana ghafla na inayopinda, kwa hiyo namba zao za ugenini huwa chini kuliko uwezo wao.

16. Na anayetoka Japani?

Kanuni ya swali la 5 hutawala: je, anaweza kuupiga mpira wa maili 95? Kule huukuta mara chache zaidi. Munetaka Murakami alipiga homurani 56 mwaka 2022, lakini timu ziliogopa wingi wa mipira anayoikosa, na Desemba 2025 akasaini na White Sox miaka 2 tu kwa dola milioni 34. Juu ya hapo timu hulipa klabu ya Japani ada: asilimia 20 ya milioni 25 za kwanza, 17.5 ya milioni 25 zinazofuata na 15 ya zinazobaki. Kwa Murakami ilikuwa dola milioni 6.575, kwa hiyo katika hesabu ya swali la 8 gharama yake kwa White Sox ni milioni 40.575.